Mashine ya Kupimia Samaki

Kazini walimwita Mama Majivu, naye hakuchukia. Alipasua samaki walioletwa na meli ya utafiti, akatenga ini, mifupa na minofu, akavikausha, kisha akavichoma kwenye tanuri mpaka vikabaki majivu ya kijiko kimoja. Majivu hayo yalitiwa kwenye mashine ya kupimia mionzi. Wakubwa wa dunia walikuwa wamejaribu mabomu yao ya nyuklia mbali huko baharini, na vumbi la mabomu hayo lilianguka majini.

Melini alikuwako mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Kazi ile alitafutiwa na dada yake mwenyewe. Alivuta nyavu laini zilizonasa planktoni, vile vijidudu vinavyoelea na kuliwa na samaki. Meli ikitia nanga, alipanda ngazi za maabara na chupa zake.

“Dada, uji wa bahari huu hapa. Sukari utatia mwenyewe.”

“Toka na mabuti yako, nimepiga deki sasa hivi!”

Kisha mdogo wake akaanza kutokwa damu kwenye fizi, akakonda, shati likamning’inia. Daktari alisema damu yake imeharibika.

“Ni yale maji?” dada aliuliza.

“Huenda. Huenda siyo. Siwezi kukudanganya, mama.”

Alipopata nafuu kidogo, mgonjwa alisema, “Samaki wote niliowaleta mmewapima. Mimi je?”

Dada alimwomba mkuu wa maabara, naye hakukataa. Walimshika mikono, huyu huku na huyu kule, wakampandisha. Mkuu alifungua mlango wa mashine. Ndani palikuwa na kisahani tu, hata ngumi isingeenea.

“Inapima majivu, bwana mdogo,” mkuu alisema, macho chini. “Mtu mzima hatuna pa kumpimia.”

“Basi nichomeni kwanza.”

Alicheka mwenyewe. Dada alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia kwa kwikwi.

Mvua za mwaka ule hazikumkuta mdogo wake.

Matanga yalipokwisha, wifi yake, mjane wa marehemu, alimfuata jikoni, mtoto mgongoni. “Wifi, wewe ndiye unayeijua kazi ile. Ni bahari iliyomuua?”

“Sijui.”

“Hata wewe?”

“Hata mimi, wifi yangu.”

Jumatatu alirudi maabara. Meli ilikuwa imeleta samaki wapya. Alivaa aproni, akanoa kisu, lakini mkono ukagoma. Mkuu alikitwaa kisu taratibu, akaanza kupasua mwenyewe, vibaya vibaya, na mwanamke yule akakaa kando akimtazama.