Mke wa Fundi Anunua Gauni

Mwanamke afikie umri wa kuwa na mtoto anayehitimu chuo, na hajaingia dukani hata siku moja kununua gauni! Ukisimuliwa utasema ni uongo, lakini ndivyo ilivyokuwa kwa Mke wa Fundi. Na angeingia kutafuta nini? Mumewe alikuwa fundi cherehani, tena si fundi wa kuunga viraka, ni fundi ambaye watu walimbembeleza awapokelee vitambaa vyao. Tangu ndoa hadi alipofumba macho mwaka jana, kila kilichovaliwa na mkewe kilipita mikononi mwake: magauni, sketi, mpaka makoti meupe ya kiwanda cha mikate alikofanya kazi. Wenzake kiwandani walimwonea wivu waziwazi. "Dada, wewe ulizaliwa na nguo," walimwambia, naye alicheka huku akikata madonge ya unga na kuyatupa kwenye mizani.

Kumpima, Fundi alimpima chumbani, mlango umefungwa, pini zimejaa mdomoni. "Mke wa fundi hapimwi mbele za watu," ndiyo ilikuwa kauli yake. Na kioo kirefu hakukubali kiingie nyumba ile; walikuwa na kakioo ka kutazamia uso, basi. Kila mkewe alipoomba kikubwa, jibu lilikuwa lilelile: "Kioo chako ni mimi." Moyo wa mwanamke ukayeyuka, habari ya kioo ikaishia hapo. Hebu niambie, nani asingeyeyuka?

Sasa kitinda mimba wao alikuwa anahitimu uuguzi. Chuoni kwao, siku ya mahafali, mzazi huitwa jukwaani ambandike mwanawe beji kifuani, ukumbi mzima ukitazama. Fundi hayupo tena. Wa kupanda ni mama peke yake, na jambo hilo alikuwa akiliota tangu binti alipopata nafasi ya kusoma.

"Mama, vaa lile la zambarau alilokushonea baba," binti alimsihi. "Linakukaa vizuri."

Akamsihi tena kesho yake. Akapiga simu kumsihi mara nyingine, mpaka mama akapandwa na hasira. Yaani aamke alfajiri miaka yote hiyo akande unga ili mtoto asome, halafu apande jukwaani na gauni ambalo watu wamelizoea hadi misibani? Thubutu! Siku yake ya mapumziko ilipofika alibeba mkoba, akamchukua wifi yake, dada wa marehemu, wakashika njia ya madukani.

Balaa lilianzia duka la kwanza.

"Saizi gani, mama?" aliuliza msichana muuzaji.

"Saizi yangu."

"Namba ngapi?"

Hakujua. Ungemuuliza uzito wa donge la mkate wa nusu kilo kabla halijaokwa, angekujibu usingizini. Namba ya mwili wake mwenyewe hakuijua. Muuzaji akampa gauni la kukisia. Lilifika mapajani likagoma.

"Livute tu, mama, linavutika hilo."

"Livutike mpaka wapi, mwanangu? Nimebaki na pumzi moja!"

La pili lilipita nyonga, lakini kifuani lingeweza kuchukua mtu mwingine na mzigo wake. La tatu, zipu ilipanda hadi kiunoni ikakaa, haipandi haishuki, wifi mtu akapiga magoti kuhangaika nayo huku muuzaji akigeukia ukutani kuficha kicheko. Mwishowe akaletewa kitu kama pazia.

"Hili ni fri saizi, mama. Linamtosha kila mtu."

"Huyo kila mtu nimwone basi, maana mimi siye."

Wakatoka, wakaingia jingine, na jingine tena. Salale! Hivi wanawake wote hawa barabarani huvikwa na nani? Na lililomshangaza zaidi ni kwamba hata yale machache yaliyomwingia yalikaa upogo. Bega la kushoto linateleza, shingo inavutwa pembeni, pindo limepanda upande mmoja kama linataka kuruka mfereji. Duka hili upogo, duka lile upogo, na upande uleule.

"Nchi nzima imesahau kushona," alisema.

"Wifi, turudi nyumbani," wifi yake akasema, bila kumtazama. "Lile la zambarau lina kasoro gani?"

"Na wewe umeanza?"

Duka la mwisho lilikuwa la mama mmoja mtulivu, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Hapo akaliona gauni la kijani, zito, lenye bitana ndani na mshono safi. Akaingia chumba cha kujaribia, kijichumba cha pazia kisicho na kioo. Kiuno kikapita. Nyonga zikapita. Zipu ikapanda yenyewe bila maombi ya mtu. Mke wa Fundi alikuwa karibu kuimba. Kisha akageuza shingo kutazama begani, akaona kitambaa kimeporomoka kushoto, kilekile, vilevile.

Ndipo alipolipuka. Alitoka nje ya pazia na gauni mwilini, viatu mkononi.

"Hamna haya! Pesa yote hii, na gauni mmelishona kombo! Mimi ni mke wa fundi, sidanganywi! Nimekula na fundi, nimelala na fundi! Marehemu mume wangu angeshona kitu kama hiki angekichoma moto kabla mtu hajakiona!"

Wateja wakageuka. Wifi akamvuta mkono, naye akautupa mkono wa wifi. Mwenye duka hakupandisha sauti. Alimwomba alivue, akalikunja katikati mbele ya macho yake, mshono juu ya mshono, bega juu ya bega. Vikalingana. Mke wa Fundi akasema hiyo ni kiini macho. Basi mwenye duka akampa muuzaji wake alivae, naye likamkaa limenyooka, pana kidogo tu kiunoni.

"Njoo huku, mama," mwenye duka alimwambia kwa upole, upole ambao ulimtisha kuliko matusi.

Nyuma ya duka kulikuwa na vioo virefu vitatu vilivyosimamishwa vikikabiliana. Mke wa Fundi alisimama katikati na shimizi yake. Mbele yake alikuwepo mwanamke. Pembeni alikuwepo mwanamke. Na pale kioo cha mbele kilipokipokea cha nyuma, akaona mgongo wa mwanamke: bega la kushoto limeshuka kama la mtu aliyebeba ndoo ya maji, nyonga ya kulia imepanda, na uti wa mgongo umekwenda ukapinda, ukarudi.

"Huyu nani?" aliuliza.

Alinyanyua mkono, na yule wa kwenye kioo akanyanyua. Alijaribu kulipandisha bega. Likapanda kidogo, likarudi kwao.

"Wifi!"

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamdondoka, mdomo kaufunika kwa kiganja.

"Wifi, ulijua?"

Wifi akaitikia kwa kichwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Wifi yangu... sote."

Mwenye duka akaleta kiti, akaleta na maji. Wifi akapiga magoti, akaeleza yote hapohapo, maneno yanapandana. Kwamba kabla ya ndoa, kaka yake aliwakusanya nduguze wote akawaambia: atakayemtajia mke wangu bega lake, asikanyage kwangu. Na ndugu wakashika neno, kwa kuwa fundi alikuwa mpole, na mtu mpole akitoa amri huogopwa.

"Hata mama yangu hakujua?" Mke wa Fundi aliuliza, akishika hilo kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

"Mama yako ndiye aliyemwambia kaka. Alikuwa amekuficha tangu usichana, asije akasikia mtu ukakosa mume."

Loo! Mungu wangu! Mama mzazi! Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mwenzetu alikuwa amelivaa neno hilo mwilini kila siku, limepigwa na pasi juu.

Alifika nyumbani, hakuvua hata viatu. Alilitoa lile gauni la zambarau kabatini, akachukua mkasi wa marehemu, akapasua mabega. La kulia lilikuwa na kipande chembamba cha pamba. Mume alikuwa amemwambia kuwa nguo za heshima zote huwekwa pamba begani, naye hakuwahi kulinganisha bega na bega. La kushoto, pamba juu ya pamba. Ya chini imekuwa manjano kwa uzee, ya juu nyeupe, kila tabaka limeshikizwa kwa nyuzi nyembamba za mkono. Kila bega liliposhuka zaidi, Fundi alilifungua gauni kwa siri akaongeza. Mke wa Fundi alililia gauni lile, akalitukana, akalikumbatia, akalitupa. Kisha akampigia binti yake simu.

"Na wewe ulijua."

Binti hakujaribu kuzunguka. "Nilijua mwaka wa kwanza, mama, tulipofundishwa mifupa. Nikamfuata baba. Nikamwambia akulete hospitali, kuna mazoezi, kuna namna ya kuuzuia mgongo usizidi kupinda. Nikamwambia ndiyo maana unakuuma."

Mke wa Fundi alikaa chini. Mgongo! Mgongo ambao maumivu yake aliyasukumia masinia ya mikate miaka na miaka! Mgongo ambao mume aliuchua kila jioni kwa mafuta, kwa mikono yake mwenyewe, akimpa pole, na huku anajua!

"Baba yako alikujibu nini?"

"Alisema, 'Nitaongeza pamba.'"

Binti akaendelea haraka.

"Alisema ukijua, mama, hutamtazama mtu usoni tena. Akaniapisha."

"Mahafalini atapanda shangazi yako," mama alisema, akakata.

Na kweli, kiwandani hakuwa yule tena. Alitembea akiambaa ukuta. Wenzake walipotoka alibaki nyuma, mtu asije akauona mgongo wake. Akiongeleshwa, analijibu donge la unga. Mpaka mchoma mikate, mzee wa masihara yasiyoisha, akamwambia: "Dada, umedondosha hereni? Naona juma zima unaitafuta sakafuni."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisimama na kisu mkononi, maneno ya mumewe yakimpigia kelele kichwani: hutamtazama mtu usoni tena. Kumbe ndivyo alivyomwona! Amekula naye, amelala naye, amemzalia watoto, na mume moyoni amemweka kama kikombe chenye ufa, kisiguswe. Na yeye sasa, kwa miguu yake mwenyewe, anakwenda kumhakikishia marehemu kwamba alikuwa sahihi. Hasira ilimpanda kutoka tumboni, hasira nzuri, ya kumsimamisha mtu. Akavua koti, akaomba ruhusa, akaenda moja kwa moja kwenye duka la yule mama wa miwani.

"Lile la kijani bado lipo?"

Mwenye duka alistaajabu, akalishusha. "Lipo. Na hilo bega fundi wetu atalirekebisha sasa hivi tu, atatia pamba kidogo..."

"Ng'o! Nifungie hivyohivyo."

Siku ya mahafali ukumbi ulijaa hadi milangoni. Jina la binti lilipotajwa, Mke wa Fundi alisimama kutoka kwenye kiti chake karibu na wifi yake, ambaye alishindwa kutazama akajifunika uso. Akapanda ngazi. Gauni limeteleza kushoto, pindo limepanda kulia, kila jicho lipo mgongoni mwake, na mgongo unauma. Kule juu aligeuka akawatazama. Hakuharakisha. Aliwatazama wa mstari wa mbele, akawatazama wa katikati, akawatazama wale waliosimama milangoni, uso kwa uso, mpaka mkuu wa chuo akakohoa kidogo.

Ndipo akachukua beji, akamgeukia mwanawe. Macho ya binti yalikuwa yamejaa machozi.

"Mama, nisamehe."

Mama akachoma pini, akaifunga, akalainisha kitambaa kwa kiganja jinsi alivyomwona mumewe akifanya maisha yake yote. Mkono ukabaki hapo kifuani pa binti, na machozi aliyoyazuia mbele ya ukumbi mzima yakamtoka.

"Ningeweza, mwanangu," alisema. "Tangu zamani ningeweza. Angeniambia tu."