Mpira wa Shangazi Si wa Kuchezea

Shangazi yangu ameshona sare za shule kiwandani miaka kumi na tisa, mguu kwenye pedali, shingo imeinamia sindano. Mgongo ulipoanza kumsumbua, kila mtu alimwambia ni uzee. Uzee gani wa miaka arobaini na sita? Siku moja aliinama kuokota mkasi, akashindwa kuinuka. Wenzake wawili walimwinua kama gunia.

Dada wa tiba ya viungo pale kliniki hakumpa vidonge. Alimpa mpira mkubwa wa kujaza upepo, unaomfika magotini.

"Mama, mgongo wako haujachakaa, umelala tu," alimwambia. "Ukikaa hapa huwezi kubweteka. Mpira unataka kukuangusha, tumbo na kiuno vinakataa. Huko kukataa ndiko mazoezi yenyewe."

Nyumbani aliubana ukutani kwa mgongo, akishuka na kupanda taratibu. Mara aulalie kifudifudi, anyooshe mkono huu na mguu ule. Alianguka mara mbili, tukacheka mpaka akatufukuza sebuleni. Wiki ya sita aliinama akafunga viatu vyake mwenyewe, bila kushika ukuta. Akaanza kwenda na mpira kazini, afanye robo saa mchana wakati wenzake wanakula, kando ya marobota ya vitambaa.

Msimamizi wao, waliyembandika jina la Bwana Saa kwa jinsi anavyotazama saa yake ya mkononi kila mara, akamwona.

"Mama mzima wewe! Hapa ni kiwandani au chekechea?" Alisema hivyo mbele ya wote, akaubeba mpira, akaufungia ofisini.

Shangazi alimeza hasira siku nne. Siku ya tano kiuno kilianza tena kumkaza, akaenda kudai chake. Alisukuma mlango, akamkuta Bwana Saa ameukalia, anadundadunda, simu sikioni, anamsimulia mtu jinsi mgongo wake ulivyopata nafuu!

"Kumbe unajua ni dawa!" Shangazi alifoka hadi cherehani za jirani zikanyamaza. "Mgongo wako ni wa nyama, wetu wa chuma? Una kiti cha ofisini cha kuzunguka, na mpira wangu pia unautaka? Inuka!"

"Taratibu, mama, tutaongea…"

"Nimesema inuka."

Aliinuka. Shangazi akatoka ameukumbatia mpira wake, katikati ya mashine thelathini.

Kesho yake aliletewa barua ya onyo, eti utovu wa nidhamu. Hakuisaini. Aliandika pembeni, kwa herufi kubwa: MWANDIKIENI ALIYECHUKUA MALI YA MTU. Wenzake wakaandika majina yao chini yake, mmoja baada ya mwingine, na barua ile haikuuliziwa tena.

Sasa wanawake saba wanapokezana mpira mchana. Bwana Saa akipita hutazama dari. Nilimuuliza Shangazi kama yameisha.

"Yaishe vipi?" alinijibu. "Alinidhalilisha mbele ya watu. Aniombe radhi mbele ya hao hao."