Malka na Malkia

Mimi shule niliiacha darasa la pili, nikarudi tena kwa mlango wa jikoni. Nilikuwa mpishi wa shule ya kati pale Garsen, miaka michache baada ya malkia mpya kukalia kiti kule Uingereza. Sekondari hatukuwa nayo, hiyo ndiyo shule ya juu kabisa. Somo la uraia alifundisha mwalimu mmoja tu, mtu wa Kipini, Kiswahili chake laini kama cha Lamu.

Jiko langu na darasa lake viligawana ukuta mmoja wa makuti, kwa hiyo nilisoma uraia bila kuandikishwa, huku nakoroga uji. Uji wenyewe ulikuwa na wadudu, lakini hayo tuyaache. Nilichoshangaa ni namna yake. Akishasema jambo, tuseme kodi inaenda wapi, haendelei. Anamwinua mtoto wa Kipokomo: "Umesikia nini? Sema kwa lugha ya nyumbani." Kisha mtoto wa Kiorma, vivyo hivyo. Kipindi kizima kinaishia kwenye neno moja. Wanafunzi wakambandika jina, Umesikia-Nini. Hata sokoni walijificha nyuma ya magunia wakamwita.

Siku moja anakunywa chai jikoni, nikamchokoza. "Mwalimu, wenzako wanamaliza wanakwenda kulala. Wewe huu uraia umekulisha nini?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Kabla ya ualimu nilikuwa mkalimani wa bwana mkubwa wa wilaya. Tulifanya baraza hapa hapa. Akaeleza maneno marefu ya sheria, mimi jua limenichoma, nikafupisha: ardhi yote ya mtoni ni ya malkia."

Kama wewe si mtu wa huku, ngoja nikueleze. Malka, kwa Waorma, ni njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa maji. Inapita katikati ya mashamba yetu sisi Wapokomo, na ugomvi wetu mwingi umezaliwa hapo.

"Waorma waliokaa nyuma wakasikia malka," akasema. "Wazee wao wakaniombea dua. Nikaona furaha imezidi, nikajua kuna kitu. Nikanyamaza, nilitaka kwenda zangu. Kesho yake ng'ombe wakashushwa popote. Kuna mpunga uliliwa upande wa chini wa kivuko, umeshatoa masuke. Sikuuliza ni wa nani."

Nikauweka mwiko chini. "Ni wa mama yangu, mwalimu."

Chai hakuimaliza. Alasiri ile ile akataka nimpeleke. Tulimkuta mama anapepeta mahindi. Mwalimu akaketi mchangani bila kungoja mkeka, akasema yote, hata ile dua. Mama aliendelea kupepeta mpaka akamaliza.

"Mpunga ulishakwenda, mwanangu. Lakini yule mwanamke wa maziwa."

Hapo nikakumbuka. Alikuwepo mama mmoja wa Kiorma, akituletea maziwa na kuchukua mahindi, tangu mimi sijaota meno. Wakiketi wawili hao, chungu kinaungua. Baada ya mpunga kuliwa alikuja akasema, "Dada, serikali yenyewe imetupa, tumesikia kwa masikio yetu." Mama akamwita mwongo mbele ya watu, akakipiga teke kibuyu, maziwa yakamwagika. Hakuja tena.

"Kumbe alisikia kweli," mama akasema, polepole.

"Kosa ni langu, mama."

"Lako limo. La kibuyu ni langu."

Mama akauegemeza ungo ukutani. Akasema Jumamosi watafuata malka mpaka bomani kwa mwanamke yule, na mwalimu ndiye atakayetangulia kusema. "Kwa lugha yake," akaongeza. "Hiki Kiswahili chako kimeshatutosha."

Asubuhi yake, kwenye makuti, nikasikia mwalimu anamuuliza mwanafunzi wa Kiorma vipi husemwa "nilikosea" kwao. Mtoto akamwambia. Mwalimu akalirudia, darasa likaangua kicheko.

"Umesikia nini?" akamuuliza.

"Umesema umepotea njia, mwalimu."

Akalirudia tena. Na tena. Uji ukaniungulia namsikiliza.