Walimwingiza mdogo wangu kwenye mashindano ya cowboy ili kategoria itimie. Aliposhinda, wakamhamisha

Wakuu, heshima kwenu.

Kwanza nawataja waliokuwepo siku ile, asije akatokea mtu hapa akasema nimetunga.

Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu Rehema. Wasswa, Mganda, mshika saa wa uwanja. Kiprono, Mkenya, supervisor wetu. Joy, Mfilipino wa mapokezi. Na wakubwa wawili ambao nitawaita kwa majina yao ya mchezo, Lady Silver na Judge. Waliobaki ni wafanyakazi wenzetu, na wanachama na wageni wao waliokaa kivulini na maji yao ya baridi.

Klabu siitaji, bado nakula hapo. Lakini haya yametokea mbele ya macho yangu, na nayaandika nina hasira. Mtanivumilia.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikawa baba na mama wa wadogo zangu. Anayenifuata ni Rehema. Nilikuja Dubai kama lady guard, na nilipopata pa kushika nikamvuta na yeye.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ndani, nyumba moja huko Sharjah. Ndiko alikoungua mafuta ya moto mkono wa kushoto. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Madam wake alisema ni uzembe wake mwenyewe, khalas, yameisha. Nikahangaika mpaka nikamhamishia klabuni kwetu, kitengo cha usafi.

Sasa fikiria mtu anakamua mop kutwa nzima kwa mkono wa namna hiyo. Tukirudi kambini Muhaisnah jioni nilikuwa namkanda kwa maji ya chumvi, anauma kanga asipige kelele, maana chumba tunalala watu wengi.

Shikeni hilo, ndilo lililotupeleka kwenye mashindano.

Klabu yetu ni ya kulenga shabaha. Kila msimu wa baridi wanafanya mashindano ya cowboy wa zamani. Wanajenga benki ya mbao, baa ya mbao, jela ya mbao. Wanachama wanavaa buti na kofia pana, wanaitana majina ya ajabu.

Msicheke, mchezo wenyewe una sheria kuliko kambi ya jeshi.

Kila mshindani lazima awe na jina la mchezo, na halirudiwi na mtu mwingine. Lazima avae mavazi ya zama zile, ukija na jeans na raba unarudishwa. Anatumia bastola mbili za mzunguko, bunduki ya kukokota na shotgun. Bastola ina matundu sita lakini unajaza matano, nyundo inalala juu ya tundu tupu. Ukisahau hilo, umetolewa.

Unasimama, unasema sentensi uliyopangiwa, saa inalia, unaanza kupiga sahani za chuma kwa mpangilio. Ukikosa sahani unaongezewa sekunde tano. Ukivuruga mpangilio, kumi. Mwisho wanajumlisha, mwenye muda mdogo ndiye mshindi.

Wa kuhesabu sahani zilizokoswa ni watu watatu. Wawili wakikubaliana, ndiyo hivyo. Ukiwa na shaka, shaka ni ya mshindani. Mimi siku ile nilikuwa mmoja wa hao watatu, ila kwa zamu ya Rehema nilitolewa, akawekwa mwanachama. Hilo sina neno nalo, ni haki.

Halafu kuna kategoria. Hapa ndipo penye moto.

Ziko za umri, ziko za mavazi, iko ya wanaotumia baruti ya zamani yenye moshi. Iko Duelist, ya wanaochagua kupiga bastola kwa mkono mmoja. Na iko Ladies, ya wanawake, ambao wanapiga wanavyotaka, mkono mmoja au miwili.

Kanuni mbili za klabu ndizo za kukumbuka. Ya kwanza, kategoria ikiwa na watu chini ya watatu inavunjwa. Ya pili, kategoria uliyojiandikisha haibadilishwi baada ya risasi ya kwanza ya siku.

Mwaka huu Ladies walikuwa wawili. Lady Silver, mke wa mwanachama mkubwa, na Joy ambaye aliombwa tu. Jiko halikai kwa mafiga mawili. Kiprono akaja stoo tulikokuwa tunapanga vifaa.

"Rehema, Lady Silver anataka Ladies isimame. Utaingia."

Kwa nini Rehema? Kwa sababu siku klabu inapofungwa, Wasswa alikuwa anawafundisha wafanyakazi wa uwanjani, kwa ruhusa, ili waweze kusaidia wageni. Rehema alikuwa anaokota maganda ya risasi pale, akaomba na yeye. Wasswa akaona mkono wake, akamwambia kwa heshima ya kwao, "Nyabo, huo mwingine uache upumzike. Huu mmoja unatosha." Akajifunza hivyo, polepole, chuma baada ya chuma.

Rehema akamuuliza Kiprono, "Na nikishinda?"

Kiprono akacheka. "Ukishinda kozi ni yako, si iko kwa poster? Lakini wewe jua level yako, dadangu."

Kozi yenyewe, ndiyo zawadi ya mshindi wa Ladies, ni ya usalama wa uwanja. Ukiwa na kile cheti unashika saa, unasimamia wapigaji. Hushiki mop tena. Kwa Lady Silver ilikuwa cheti cha kutundika ukutani. Kwa mdogo wangu ilikuwa mkono wake.

Tukaenda Bur Dubai siku ya off, tukatafuta kitambaa cha bei ya chini kinachofanana na cha zamani. Fundi akashona sketi ndefu na blauzi ya shingo ndefu. Akamuuliza Rehema, "Harusi ya nani?" Rehema akamjibu, "Yangu na bastola." Fundi alicheka mpaka akakosea mshono.

Jina la mchezo alichagua Shangazi. Nikamwambia chagua la kizungu. Akasema, "Dada, shangazi akiingia kwenye nyumba, nani anamtoa?"

Siku yenyewe basi la kampuni lilitutoa mapema. Asubuhi pale uwanjani Judge, ambaye ndiye mkuu wa mashindano, alimpa Wasswa kipaza sauti asome kanuni. Wasswa akasoma zote, pamoja na hizo mbili. Watu wote wakasikia. Lady Silver alikuwa mstari wa mbele anapiga selfie.

Mchezo ukaanza.

Lady Silver ana kasi, nisimdhulumu. Ila ana papara. Pale benki alikosa sahani, pale baa akakosa tena. Kila chuma kilichonyamaza aligeuka kumtazama mumewe kama vile mume ndiye aliyekisogeza.

Joy alikosa karibu kila kitu, akawa anacheka mwenyewe na kutuomba radhi sisi wahesabuji.

Akaja Rehema. Sentensi ya pale jela ilikuwa ya kuuliza nani kachukua farasi wangu. Aliisema kwa Kiingereza chake cha kwetu, mkono kiunoni, kama mtu anayedai ndoo yake bombani. Wafanyakazi wote tukaangua kicheko. Saa ikalia.

Hakukimbilia. Kwenye bastola mkono wa kushoto ameuegemeza tumboni, wa kulia unafanya kazi; bunduki ndefu ameilaza tu juu ya ule wa kushoto, wa kulia unakokota. Chuma kinalia, kingine kinalia. Ilikuwa hivyo toka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na hakukosa hata sahani moja.

Walipojumlisha, Wasswa akatangaza kwa kipaza sauti, Ladies anaongoza Shangazi. Kiprono mwenyewe alipiga mluzi. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga.

Tukamwona Lady Silver anamfuata Judge. Wakaongea pembeni. Mume akajiunga.

Judge akarudi akasema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba Shangazi amepiga bastola kwa mkono mmoja siku nzima, kwa hiyo ni Duelist. Amehamishiwa huko. Huko alikuta wanaume wenye miaka kibao ya mchezo, akawa wa katikati. Kozi akapewa Lady Silver.

Wakuu, nikasimama.

"Sir, kanuni ya asubuhi ilisema kategoria haibadilishwi."

Akanitazama kama kiti kilichoongea. "Kazi yako ni kuhesabu, sio kubishana."

"Sawa sir. Basi nihesabu. Ukimtoa Rehema, Ladies wamebaki wangapi?"

Maana kama unashika kanuni, shika zote. Ukitoa figa moja, sufuria ianguke. Wao walitoa figa na sufuria ikabaki hewani, inachemka!

Kiprono akanivuta mkono. "Wewe, wacha hiyo maneno. Unataka tufutwe sote? Hii kitu ni mchezo tu."

"Mchezo kwa nani?" nikamwambia. "Kesho nani anakamua mop?"

Hapo ndipo Wasswa alipoweka saa mezani akaja. Nisisitize, hakuna aliyemwita. Angenyamaza, hakuna ambaye angemlaumu.

"Sir, hiyo rule niliisoma mimi mwenyewe asubuhi. Ulinipa wewe. Na Ladies wanaruhusiwa mkono mmoja. Huyu dada hajakosea."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kipaza sauti kilikuwa bado shingoni mwake. Kivuli kizima kilisikia.

Judge akawa mwekundu. Akasema kuna kanuni iliyo juu ya zote, roho ya mchezo. Kwamba mtu asitafute upenyo wa kushinda, acheze kwa moyo mweupe.

Roho ya mchezo! Mtu mmemfuata stoo, mmemwomba aje ajaze nafasi, amekuja na sketi yake ya kitambaa cha bei ya chini, halafu yeye ndiye katafuta upenyo?

Rehema hakulia. Alivua glavu, akainua kiganja cha kushoto juu. "Sir, niambie nitumie mikono miwili, nitatumia. Huu hapa."

Watu wakaangalia chini. Lady Silver akaweka mkono kifuani, "Oh darling, sikujua." Akamkumbatia. Kisha akaenda kupiga picha na zawadi yake.

Hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo. Angekuwa katili tu ningeelewa. Alihurumia na akachukua.

Nilipeleka malalamiko ofisini. Wakaniambia pingamizi linapokelewa kwa mshindani peke yake. Rehema akapeleka. Wakamwambia muda wa pingamizi umepita. Nikarudi tena, na tena. Mpaka sasa kila wakiniona mlangoni wanajua nimekuja kwa lipi. Hawajanifukuza, na mimi sijachoka.

Kozi ikaanza. Kiprono ndiye aliyetuletea habari, na safari hii hakuwa na utani. Lady Silver hakwenda. Alikuwa amesafiri likizo. Kiti kimekaa kitupu darasani, chenye jina lake mbele.

Nikakimbia ofisini na Rehema, bado ana aproni. Nikasema kiti kipo, mwalimu yupo, huyu hapa mwanafunzi.

Mnajua walinijibu nini?

Kwamba haiwezekani, kwa sababu jina likishaandikishwa halibadilishwi.

Wakuu, niliondoka bila kuaga. Ningefungua mdomo pale ningefunguliwa kesi.

Rehema bado yuko kwenye usafi. Bado namkanda jioni.

Na Wasswa? Wiki ile ile kampuni iliyomleta klabuni ilipigiwa simu. Akaondolewa uwanjani, akapelekwa kulinda geti la ghala Jebel Ali, kusimama juani anafungulia malori. Mtu aliyekuwa anashika saa na kufundisha watu. Hakuna barua ya kosa, "mahitaji ya kazi" tu.

Nilimpigia kumwomba msamaha. Akacheka. "Nyabo, huku joto lipo, lakini cowboy hakuna." Akaniuliza kama Rehema anaendelea kufanya mazoezi ya mkono. Hakuuliza kingine.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiitwa kujaza nafasi kwenye jambo la wakubwa, uliza mapema, mbele ya mashahidi, itakuwaje ukishinda. Sisi tuliuliza stoo, tukajibiwa kwa kicheko, tukaridhika. Na kanuni kusomwa kwa sauti haitoshi. Itakapopindishwa lazima apatikane mtu wa kusema "niliisoma mimi", na huyo mtu huwa analipa.

Mliopo UAE, kama kuna anayejua mahali wanapotoa kozi ya namna hiyo bila kupitia klabu, aniambie hapa chini. Wanaosema ningenyamaza nao waje, nitawajibu mmoja mmoja, nina nafasi hadi zamu ya kesho.

Ila la Wasswa nisaidieni zaidi. Mtu aliyepoteza nafasi yake kwa kusema ukweli juu ya mdogo wako, na hataki umpelekee hata chakula, unamlipa kwa kitu gani? Kila siku nalifikiria nikiwa kwenye basi. Sijapata jibu, na yeye bado amesimama pale getini.