Ukuta wa Milima Mbele ya Jalala

Wakati wa Zaire nilikuwa ninachora vibao vya maduka hapa Kalemie. Siku moja komisere wa zone, yaani mkuu wa wilaya yetu, akanitumia mjumbe wake. Mgeni mkubwa alikuwa anatoka Kinshasa, angepita barabara ya soko, na kando ya soko kulikuwa na jalala lililopita kimo cha mtu. Badala ya kuliondoa, walijenga ukuta wa matofali mabichi mbele yake. Mimi nichore juu yake milima ya Marungu na ziwa.

Nilikubali kwa furaha. Tangu zamani nilitamani kuchora kitu kikubwa kuliko kichwa cha kinyozi na mkasi. Nikapika uji wa muhogo uwe gundi, nikauchanganya na chokaa na buluu ya kufulia nguo. Anga nililianza juu, buluu nzito, nikishuka naongeza chokaa, mpaka linapogusa maji likawa karibu jeupe. Milima ya mbali nikaipa rangi hafifu kama moshi. Ya karibu nikaikoleza kwa masizi na udongo mwekundu, maana kilichofifia jicho hukiona kiko mbali.

Jua lilipopanda, harufu nayo ikapanda. Matumbo ya samaki, maganda, mbwa aliyeoza. Maji meusi yakapenya katikati ya matofali, yakateremka ndani ya ziwa langu pamoja na funza. Nikafuta, yakarudi. Nzi nao wakafuata uji wa muhogo, wakanata angani.

Mama mmoja aliyeuza samaki wadogo wa ndagala hapo karibu aliziba pua kwa kitenge. "Papa, ile maji yako njo ya kunywa?" akauliza.

Nikachukua kitambaa, nikafuta ziwa tena.

Jioni mjumbe akaja kukagua. "Ni mazuri, sitwaye," akasema; ndivyo tulivyoitana wakati ule, yaani raia. "Lakini hizi nzi?"

"Wamenata. Nikiwabandua, rangi inatoka nao."

Akafikiri kidogo. "Basi uwaongeze mabawa. Wakuwe ndege."

Hakuwa anatania. Nikachovya brashi kwenye masizi, nikawachorea mabawa mmoja mmoja, wengine miguu yao ikiwa bado inatikisika. Nilipomaliza nilizunguka nyuma ya ukuta nikatapika juu ya taka. Nyumbani mke wangu akanivua shati nje ya mlango, akalitia moto.

Kesho yake mgeni alipita. Wamama waliopangwa kando ya barabara waliimba na kucheza. Yeye alikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, anazungumza na mtu wa pembeni yake, uso kauelekeza upande wa pili. Komisere alipiga makofi mpaka gari likapotea.

Mvua zilipoanza, matofali yalilainika, ukuta ukalala. Jalala likamwagika barabarani, vipande vya Marungu vimechanganyika na utumbo wa samaki, na watu wakavikanyaga wakienda sokoni. Mjumbe akaja tena: wanajenga ukuta mwingine, komisere ananitaka.

"Mwambie mkono unaniuma," nikasema, nikaendelea kuchora nywele kwenye kibao cha kinyozi.

Mkono haukuwa na neno.