Mlango wa Vijiti Viwili

Mnisamehe, ndugu wasomaji, kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazozikosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito.

Juzi mvua ya kwanza ilinyesha hapa Usevya, nikasikia harufu ya udongo wa kichuguu ukilowa. Nikamkumbuka Mama akifinyanga mafiga mahali pasipo na nyumba.

Ilikuwa mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Kule kwetu mtoni paa lilishushwa, mpunga ukabaki shambani, tukaletwa kwa lori na kuonyeshwa kiwanja: nyasi na vigingi. Sikulia. Sikusikia chochote, kama mguu uliokufa ganzi.

Baba ndiye aliyekuwa akituongoza sala ya jioni. Tangu paa lishuke alinyamaza. Kila alfajiri alirudi mahameni kwetu kule mtoni, akakaa huko mpaka jua lipoe. Mama alihofia siku moja hatarudi.

Akaweka mafiga matatu katikati ya kiwanja. Akasimika vijiti viwili mbele, akatuambia, "Huu ndio mlango. Anayeingia apite hapa." Akafagia ndani na nje, ingawa ndani na nje vilikuwa kitu kimoja.

Jirani yetu, Mama Skola, alicheka mpaka kanga ikamlegea. "We Mama Yustina, mlango huo una komeo?" Yustina ni mimi.

"Komeo ninalo," Mama akajibu. "Cha kuibiwa ndicho sina. Karibu ndani."

Jioni alitukalisha mimi na wadogo zangu, akasali mwenyewe kwa sauti ndogo, akishukuru kwa moto, kwa maji, kwa uji usio na chumvi. Nikamuuliza anashukuru nini wakati vyetu vyote vimebaki kule.

"Vitu vimebaki," akasema. "Mungu hakubaki mahameni. Koroga uji."

Jioni moja Baba alirudi, akakatiza nyasi moja kwa moja kuja motoni.

"Baba Yustina," Mama akasema bila kuinua macho, "hapo ni ukutani."

Baba akasimama. Akazitazama nyasi, akatutazama sisi. Mama Skola kule kwake aliacha kutwanga. Nilidhani Baba ataondoka. Akarudi nyuma, akazunguka taratibu, akasimama penye vijiti.

"Hodi."

"Karibu. Tulikuwa tunakungoja utuanzishie."

Akaketi, akafanya ishara ya msalaba. Sauti yake ilikuwa na kutu, lakini alisali mpaka mwisho.

Nisiwadanganye kwamba nilifurahi. Nilisikia njaa tu, na uji ulikuwa umeganda. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba Mama naye alikuwa na ganzi ileile. Hakungoja moyo uchangamke ndipo ashukuru. Alishukuru kwanza, kama alivyosimika mlango kabla ya nyumba.

Nyumba ilijengwa baadaye, ya matofali mabichi, na mlango uko palepale. Nyie mliohamishwa kama sisi, niandikieni mlianza na nini. Nitajibu, ingawa polepole.