Wanachuo Walipomwigiza Mjane Sindo

Nakumbuka Jumamosi moja kule Sindo, kando ya ziwa, mwanangu, wakati huo nikiwa mjane kijana, hata miaka thelathini sijafika. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wamezunguka na kipaza sauti juu ya pikapu, wakitangaza kwamba msimu mzima wa likizo watatuletea michezo ya kuigiza, ngoma na nyimbo kila Jumamosi, pale uwanja wa shule ya msingi, bila kiingilio.

Hapo kwenye bila kiingilio ndipo watu walipokunja uso. Miaka ile ya tisini, mgeni wa kutoka mbali hakutupa kitu bure. Wengine walisema ni majasusi, wametumwa kusikiliza nani anaongea siasa. Wengine wakasema watatutoa damu tukishanogewa na ngoma. Mimi niliuza omena sokoni, na msichana wao mmoja, Nekesa, alikuja kununua kwangu. Aliuliza mengi: nyumbani nani ana sauti, mjane hukaa na nani. Nilimjibu kwa mkato. Anayenunua bakuli moja la samaki na kuuliza habari za boma zima, huyo ni wa kutazamwa vizuri.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa masikio. Kwa desturi yetu mume akifa, ndugu yake humrithi mjane, na shemeji yangu Ogola alikuwa ananingoja. Mke wake mwenyewe alikuwa amekonda hadi akafa, na sasa Ogola alikuwa akikohoa. Pale nyumbani walisema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko. Mama mkwe wangu alishaamua jambo liishe kabla ya kupanda mahindi. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa na watoto wawili, na kukataa kulikuwa ni kufukuzwa.

Jumamosi ile mama mkwe alisema twende tukaone hawa watu wanatafuta nini hasa. Tukaketi kwenye nyasi. Ogola alisimama nyuma, pamoja na wavuvi wenzake. Mchezo ukaanza, na Nekesa akatokea kama mjane. Kisha akaingia kijana mwenye koti kubwa, shemeji mtu, anadai kumrithi huku akikohoa na kuficha kikohozi kwa leso.

Majirani waligeuka kunitazama. Mama mkwe akanifinya paja, akaniuliza kwa sauti ya chini nimewaambia nini. Niliapa sijasema neno, na nikaona wazi kwamba haniamini.

Katikati ya mchezo wakasimama, wakatuuliza sisi watazamaji: huyu mjane afanye nini? Nani angejibu, na chifu ameketi mbele pale? Ndipo Ogola akapita katikati ya watu.

"Ni nani ameambia hawa watu mambo ya nyumba yangu? Ni huyu mwanamke!"

Alininyooshea kidole. Mama mkwe aliinuka polepole, akishika kiuno.

"Ogola, hawa watoto hawajataja jina la mtu. Wewe ndio umejitaja." Akamsogelea. "Na bibi yako alikufa na nini? Nilikuuliza siku ya mazishi, ukaangalia chini."

Ogola akashika njia ya ziwani. Mama mkwe akawageukia wachezaji. "Huyo mjane wenu akae kwa nyumba yake, alee watoto wake."

Wanawake wachache walipiga makofi. Wazee walitoka wakinung'unika, na jioni walikuja bomani kumkemea mama mkwe, lakini hakurudi nyuma. Ogola hakumaliza mwaka; ugonjwa uliomchukua mkewe ulimchukua naye. Mimi nipo, na wale watoto wawili unawajua.

Kabla wachezaji hawajaondoka nilimwendea Nekesa, nikamuuliza nani alimpa habari zangu. Akaniambia, "Dada, huu mchezo tuliutunga chuoni. Tuliuonyesha kule Awendo kabla ya kuja huku, na huko pia mwanamume alisimama akauliza nani amemsema." Niliondoka nikiwa nimemwamini nusu. Nusu ya pili ilichukua miaka.

Mwanangu, sikuambii uache kushuku. Asiyeshuku huingia kila mlango. Lakini sisi tulikagua mikono ya wageni, na kikulacho ki nguoni mwako. Ukisikia neno linalokuchoma, usikimbilie kuuliza nani kalisema. Uliza kwanza kama ni kweli. Na wakikuamulia maisha yako, aliye wako wa damu mwulize maswali yale yale ambayo ungemwuliza mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, mimi nilipona.

Mungu akupe jicho la kuona aliye karibu, na akupe mama kama yule mkwe wangu, wa kusimama mbele za watu kwa ajili yako. Uende salama, na nyumba yako isikose sauti yako.